Kutayarisha Umeme na Mtandao kwa Klasta ya Seva za Kuhifadhi Data: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara, Unguja na Pemba

Maswali haya ndiyo yanayorejea kila mara pale afisi, hospitali, hoteli au vyuo vya Unguja na Pemba vinapoamua kuacha seva moja iliyo peke yake na kufunga klasta. Majibu yanahusu kazi inayotangulia, yaani nyaya, soketi, swichi za mtandao na karatasi za mpango. Programu ya kuhifadhi data inatajwa pale tu inapodai kitu kwa umeme au mtandao, na mifano mingi imetolewa katika Ceph kwa sababu ni programu huria inayotumika sana.

## Mambo ya msingi

1. Klasta ya seva za kuhifadhi data ni kitu gani, na inatofautianaje na seva moja yenye diski nyingi?

Ni kundi la seva, kila moja ikiitwa nodi, zinazoshirikiana kuhifadhi data hata mtumiaji akaona hifadhi moja tu. Kila kipande cha data huandikwa katika nodi zaidi ya moja. Utaratibu wa kawaida ni nakala tatu katika nodi tatu tofauti, kwa hiyo diski za jumla ya terabaiti 90 hukuachia terabaiti 30 za kutumia, tena si zote, kwa kuwa Ceph huanza kutoa onyo diski zinapofika asilimia 85 na huzuia uandishi zinapofika asilimia 95.

Seva moja yenye diski nyingi huvumilia kufa kwa diski, lakini ubao mama wake ukiungua kazi yote imesimama. Klasta huvumilia kufa kwa nodi nzima, kwa sharti moja ambalo litajitokeza katika karibu kila jibu hapa chini: nodi zisitegemee kwa pamoja kitu kimoja ambacho kikiharibika zinaanguka zote.

2. Kwa nini umeme na mtandao vitangulie? Haviwezi kurekebishwa baadaye?

Vichache vinaweza. Anwani za IP za nodi zinazosimamia klasta, mgawanyo wa mitandao na majina ya nodi huandikwa ndani ya klasta siku ya kwanza, na kuyabadilisha mambo hayo wakati klasta tayari imebeba data za watu ni kazi ndefu inayoweza kusimamisha huduma. Upande wa umeme ni mzito zaidi, maana laini mpya kutoka kwenye bodi ya umeme hutaka umeme uzimwe, ukuta uchimbwe, na vumbi la chokaa litimke mbele ya feni ambazo kazi yake ni kuvuta hewa ndani ya seva. Kazi hiyo ifanywe chumba kikiwa kitupu.

3. Tuanze na nodi ngapi?

Tatu ndio uchache unaokubalika. Nodi zinazosimamia klasta huamua mambo kwa wingi wa kura, na klasta isiyotimiza akidi, kama kikao cha Baraza, haiwezi kupitisha lolote: huacha kuandika ili pande mbili zilizotengana zisije zikaandika mambo yanayopingana. Ukiwa na wasimamizi watatu, mmoja akianguka wawili wanatosha. Ukiwa na wawili, mmoja akianguka hakuna akidi, kwa hiyo idadi yao iwe witiri, watatu au watano.

Kwa nodi zinazobeba diski, nne ni bora kuliko tatu ikiwa fedha zinaruhusu. Katika klasta ya nodi tatu yenye nakala tatu, nodi moja ikifa nakala ya tatu haina pa kujengwa upya mpaka nodi hiyo itengenezwe, na kipuri kinachosubiri meli kinaweza kuchukua wiki kadhaa kufika Chake Chake.

4. Karatasi ya mpango iwe na nini kabla ya siku ya kufunga?

Kwa kila nodi pawepo jina lake, namba ya utambulisho iliyobandikwa na kiwanda, nafasi yake katika kabati, anwani zake zote za IP, na kwa kila kebo, inatoka tundu gani inaingia tundu gani. Kwa umeme pawepo breka inayohusika kwa namba yake kwenye bodi, UPS inayofuata (kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme ule wa nje ukikatika), na soketi ambamo kila waya wa seva umechomekwa. Chapisha nakala, itie ndani ya mfuko wa plastiki na uibandike ndani ya mlango wa kabati. Karatasi iliyohifadhiwa ndani ya klasta yenyewe haisomeki siku klasta ikizimika, na watu wengi huligundua hilo usiku.

Andika saa kwa mtindo wa saa 24. "Tutazima saa 2:00" kwa mmoja ni asubuhi watu wanapoingia kazini, kwa mwengine ni usiku wa manane.

## Umeme

5. Kila seva ina plagi mbili nyuma. Zichomekwe wapi?

Kila moja iende kwenye njia yake ya umeme, na njia hizo zisikutane mahali popote mpaka zifike bodi kuu. Njia ya kwanza iwe na breka yake, waya wake ukutani, UPS yake na ubao wake wa soketi ndani ya kabati. Njia ya pili vivyo hivyo. Jengo likiwa na umeme wa fezi tatu, fundi anaweza kuziweka njia hizo katika fezi mbili tofauti, ili fezi moja ikipotea nusu ya kabati isitikisike. Ikifanywa hivyo pabandikwe onyo, kwa sababu kati ya fezi na fezi kuna volti 400 na siyo 230.

Kosa linaloonekana sana ni hili. Mbele ya kabati mambo ni mazuri: UPS mbili, taa mbili za kijani, nyaya nyekundu upande huu na buluu upande ule. Ukisogeza kabati ukamulika nyuma yake kwa tochi, unaona UPS zote mbili zimechomekwa katika ubao mmoja mweupe wa soketi nne, ulioungwa kwenye soketi moja ya ukutani, na katika soketi ya tatu pamechomekwa birika la chai. Hapo njia ni moja, hata ukihesabu plagi mara ngapi. Fuata kila waya kwa mkono mpaka kwenye breka, usikubali kuambiwa.

6. Tutajuaje kama umeme utatosha?

Piga hesabu kwa wati. Tuseme nodi tatu, kila moja ikila wati 450 zinapofanya kazi kwa nguvu, na swichi mbili za wati 150 kila moja: jumla ni wati 1,650. Ukigawa kwa volti 230 unapata amperi 7 na kidogo. Hesabu hiyo inaonekana ndogo, lakini kila njia lazima iweze kubeba mzigo wote peke yake. Katika siku za kawaida kila upande hubeba nusu, na siku upande mmoja ukikatika, ule uliobaki hupokea zote 1,650 kwa ghafla. Njia iliyokwishafika asilimia 60 ya uwezo wake katika siku ya kawaida haitastahimili, na breka yake itaruka dakika ileile uliyoihitaji.

Zingatia pia kuwashwa. Diski inayozunguka hula umeme mwingi zaidi inapoanza kuzunguka kuliko ikishashika mwendo, kwa hiyo nodi tatu zenye diski 12 kila moja zisiwashwe kwa mkupuo. Kadi nyingi za diski zina mpangilio wa kuziamsha kwa zamu, uwashe.

7. Plagi za kawaida za pini tatu zinafaa?

Kwa nodi moja moja, ndiyo. Plagi tunayotumia ina fyuzi ya amperi 13. Upande wa seva tundu la kawaida ni C14, ambalo hupokea kichwa cha C13 cha amperi 10, na mashine kubwa hutumia C20 na kichwa cha C19 cha amperi 16. Vichwa hivi haviingiliani, hivyo hesabu kila aina kabla ya kuagiza ubao wa soketi wa kabati.

Tatizo huja kwenye UPS. UPS ya VA 3,000 (VA ni volti mara amperi) ikibeba mzigo wake wote huvuta zaidi ya amperi 13 kutoka ukutani, ukijumlisha na umeme wa kuchaji betri. Itengewe laini yake ya amperi 16 na soketi ya viwandani ya buluu, iliyofungwa na fundi aliyesajiliwa. Kukata kichwa chake na kuifunga plagi ya pini tatu ni kupika plagi, na dalili yake huja polepole: plastiki inaiva rangi ya kahawia kuzunguka pini ya laini.

8. UPS iwe ya aina gani na ya ukubwa gani?

Iwe ile inayogeuza umeme muda wote, ambayo mzigo wake hauguswi na umeme wa nje moja kwa moja. Aina ya bei rahisi hupitisha umeme wa nje hadi unapoharibika ndipo inaporukia betri, na mahali ambapo umeme hushuka na kupanda jioni hurukia huko mara nyingi mno na kuchosha betri mapema.

Ukubwa husomwa kwa wati, na siyo kwa VA pekee. Kwa mzigo wetu wa wati 1,650, UPS yenye kipeo cha nguvu 0.9, yaani kila VA moja hutoa wati 0.9, ingehitaji angalau VA 1,834, kwa hiyo VA 3,000 kwa kila njia ni uamuzi wa busara. Muda wa betri utosheleze mambo mawili: jenereta iwake na itulie, au, isipowaka, klasta izimwe kwa utaratibu (tazama swali la 21). Dakika 15 zinatosha kwa wengi. Kununua betri za saa tatu kwa ajili ya klasta ndogo naona ni kutupa fedha ambazo zingenunua kiyoyozi cha pili.

9. Tuna jenereta. UPS ya nini tena?

Jenereta huchukua sekunde kadhaa mpaka dakika kuwaka na kupokea mzigo, na seva haivumilii hata nusu sekunde. Jambo jengine ni kwamba jenereta dogo likipokea mzigo mkubwa ghafla, mwendo wake huyumba, na UPS ikiona masafa yametoka mbali na hezi 50 hukataa umeme huo na kuendelea kula betri, huku watu wakishangaa kwa nini UPS inalia na jenereta linanguruma. Jenereta liwe na uwezo mara mbili ya UPS zote au zaidi, na lijaribiwe likiwa na mzigo wa kweli.

Kisiwa kina somo lake katika hili. Unguja hupokea umeme kwa nyaya za chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, na mwaka 2008 ilikaa kiasi cha mwezi mzima bila umeme huo, kisha tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Waya wa pili, wa megawati 100, uliingia kazini mwaka 2013 na hali ikabadilika sana. Hata hivyo anayepanga hifadhi ya data ya taasisi aweke katika karatasi zake jibu la swali hili: tukikosa umeme kwa wiki, ni mashine zipi zinabaki kuwaka, na mafuta yatatoka wapi?

10. Mita yetu ni ya Tukuza, ya kulipa kabla. Kuna la kuangalia?

Kuna moja, na ni la aibu zaidi kuliko la kiufundi. Uniti zikimalizika, umeme hukatika kama kukatika kwengine kokote, na ukikatika usiku wa Ijumaa hakuna atakayejua mpaka Jumatatu. Ikiwezekana chumba cha seva kiwe na mita yake, na mtu mmoja mwenye jina awe na dhamana ya kununua uniti zikifika kiwango mlichoandika. Njia zako mbili za umeme zikiwa nyuma ya mita moja, hapo ndipo zinapokutana, na ukumbuke hivyo.

11. Waya wa ardhi na radi vina umuhimu gani?

Umuhimu mkubwa, na hapa ndipo majengo ya zamani yanapoanguka. Kabati, UPS na ubao wa soketi vyote viungwe kwenye ardhi moja, na fundi aipime kwa kifaa na akuandikie namba aliyoipata. Fimbo ya shaba iliyopigwa kwenye jiwe la matumbawe kavu haifanyi kazi kama ile iliyo kwenye udongo wenye unyevu, na kipimo cha masika hakifanani na cha kaskazi, kwa hiyo pima wakati wa ukavu. Weka kinga ya mipando ya umeme kwenye bodi. Kati ya jengo na jengo usipitishe kebo ya mtandao ya shaba hata kidogo. Tumia faiba, kebo ya kioo inayopitisha mwanga, ambayo haibebi radi.

## Chumba, joto na hewa ya bahari

12. Chumba kinahitaji kiyoyozi cha ukubwa gani?

Karibu kila wati inayoingia kwenye seva hutoka ikiwa joto. Zidisha wati kwa 3.412 upate BTU kwa saa: wati 1,650 ni kama BTU 5,630. Kiyoyozi cha BTU 12,000 kinatosha kwa mashine, ukibakiza nafasi ya jua la ukutani na watu. Viwe viwili, kila kimoja kikiweza peke yake, vikipokezana. Kiwango kinachopendekezwa kwa hewa inayoingia kwenye seva ni nyuzi 18 hadi 27 za Selsiasi. Kanuni inayotumika sana kwa betri za risasi ni kwamba kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza umri wake kwa nusu, kwa hiyo chumba cha nyuzi 35 wakati wa kaskazi hula betri kimyakimya.

Kiyoyozi hakiko kwenye UPS. Umeme ukikatika seva zinaendelea kutoa joto huku chumba kikiwa kimefungwa, na hicho ndicho kinachoweka kikomo cha kweli cha muda, kabla ya betri.

13. Hewa ya chumvi huharibu nini hasa?

Huharibu miguso. Chomoa kichwa cha C13 kilichokaa miaka miwili katika afisi iliyo karibu na Forodhani yenye madirisha wazi, ukitazame kwa karibu: pini za tundu zina madoa meusi, na kwenye skrubu ya waya wa ardhi pana unga wa kijani. Mguso huo hupitisha umeme kwa shida, hupata moto, na siku moja njia ya pili haipo pale unapoihitaji. Ziba madirisha, weka hewa ikizunguka ndani kwa ndani, pima unyevu, na usiache kofia za plastiki za matundu ya faiba zipotee. Ukikagua, kagua pia panya na sisimizi. Wote wawili hupenda ujoto wa kabati.

14. Afisi yetu iko Mji Mkongwe. Kuna tofauti gani?

Tofauti ni nyingi, na nyingi zinahusu jengo lenyewe. Kwanza ni uzito. Nodi ya diski 12 ina kilo 30 hivi, UPS yenye betri za risasi haipungui hapo, na kabati lenyewe lina uzito wake, kwa hiyo mzigo wote unapita kwa urahisi robo tani katika eneo dogo kuliko mkeka wa kuswalia. Sakafu ya ghorofa iliyobebwa na boriti haikuundwa kwa mzigo wa namna hiyo. Chumba cha chini kinaubeba, lakini baadhi ya vichochoro hujaa maji masika yanapokolea. Chaguo langu ni chini, juu ya jukwaa la chuma la sentimita 40 au zaidi, na hakuna soketi chini ya kimo hicho.

Pili ni kuta. Mawe, chokaa na udongo havishiki skrubu za kabati la ukutani, kwa hiyo tumia kabati la kusimama, na uliagize likiwa vipande, kwa sababu kabati lililokamilika halikati kona ya ngazi. Tatu ni ruhusa. Mji huo ni Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na kutoboa ukuta wa nje au kutundika mashine ya kiyoyozi upande wa njia hutaka kibali cha mamlaka ya uhifadhi. Omba mapema.

## Mtandao

15. Klasta inahitaji mitandao mingapi?

Mitatu kwa fikra, hata ikiwa inapita katika swichi zilezile kwa VLAN, yaani swichi moja kugawanywa kwa mpangilio iwe kama mitandao kadhaa. Upo wa watumiaji, ambao kompyuta na seva nyengine huufikia. Upo wa ndani, ambao nodi hunakiliana data. Na upo wa usimamizi, ambao chipu ya kudhibiti nodi kwa mbali huunganishwa, ile inayokuwezesha kuiwasha nodi hata ikiwa imezimwa. Huu wa tatu usiguswe na mtandao wa wageni wala intaneti kabisa. Nywila iliyobandikwa kiwandani ibadilishwe siku ya kwanza, na ikiwezekana mtandao huu uwe na swichi yake ndogo.

16. Kasi ya gigabiti moja haitoshi?

Kwa watumiaji huenda ikatosha. Kwa mtandao wa ndani, hapana. Nodi yenye terabaiti 10 ikifa, data hizo lazima zijengwe upya kwengine. Kwa gigabiti moja kwa sekunde, yaani megabaiti 125, kazi hiyo huchukua saa 22 hata kama kebo haifanyi jengine lolote. Kwa gigabiti 10 ni saa mbili na robo hivi. Katika saa hizo zote una nakala pungufu. Ninapoulizwa wapi pa kubana matumizi, hapa sipabani.

17. Tununue kebo gani?

Ndani ya kabati moja, kebo za shaba zenye vichwa vilivyounganishwa kabisa ni nafuu na hazina mengi ya kuharibika, kwa urefu wa mita 3 au pungufu. Faiba ya OM3 hubeba gigabiti 10 hadi mita 300, na OM4 hadi 400. Kwa kebo za shaba za kawaida, Cat 6A hubeba gigabiti 10 hadi mita 100, ilhali Cat 6 huishia kama mita 55. Jihadhari na kebo za alumini iliyopakwa shaba zinazouzwa kwa jina la Cat 6. Ni nyepesi mkononi na ukiikwaruza nyuzi yake unaona weupe ndani. Bandika lebo ncha zote mbili.

18. Swichi mbili zinaungwaje?

Kila nodi itoe kebo moja kwa kila swichi, na kila swichi ipate umeme kutoka njia tofauti, au kutoka zote mbili ikiwa ina plagi mbili. Njia nyepesi ya kuzioanisha kebo hizo ni moja kufanya kazi na ya pili kungojea, ambayo haidai chochote kwa swichi. LACP, utaratibu wa kuziunga kebo mbili zihesabiwe moja, hutumia zote mbili kwa pamoja, lakini kwa swichi mbili tofauti inataka ziwe na uwezo wa kujionesha kama swichi moja. Uliza kabla ya kununua. Usitarajie pia kwamba gigabiti 10 mara mbili zitampa mtumiaji mmoja gigabiti 20, kwa sababu mazungumzo moja hupita katika kebo moja.

Swichi zilizounganishwa kuwa kitu kimoja zina mtego wake: baadhi huanza upya zote mbili unapoziwekea programu mpya. Kwa maana hiyo zimekuwa moja.

19. Tuongeze MTU hadi 9000?

MTU ni ukubwa wa juu wa kifurushi kimoja cha data mtandaoni, kwa baiti. Ikiwa kila kifaa katika mtandao wa ndani kinaweza 9000, ndiyo, na kwenye swichi weka kubwa zaidi, kwa kawaida 9216. Jaribu kutoka kila nodi hadi kila nodi kwa `ping -M do -s 8972`. Namba hiyo ni 9000 ukitoa baiti 28 za vichwa. Kifaa kimoja kikisahauliwa dalili zake hupoteza watu: nodi zinaonana, kuingia kwa mbali kunawezekana, lakini data zikianza kunakiliwa kila kitu kinaganda. Kama huna uhakika, baki na 1500 kote.

20. Anwani, majina, saa na kuta za moto vipangwe vipi?

Anwani ziwe za kudumu, katika safu iliyo nje ya 192.168.0 na 192.168.1 ambazo ruta nyingi huja nazo. Majina yasomeke pande zote mbili, jina kwenda anwani na anwani kwenda jina. Saa ni muhimu kuliko inavyodhaniwa: Ceph hulalamika wasimamizi wake wakitofautiana kwa zaidi ya sekunde 0.05, hivyo weka seva ya saa ndani ya jengo ili kukatika kwa intaneti kusizitawanye nodi. Kwenye ukuta wa moto, yaani kinga inayochuja mawasiliano, fungua poti (milango ya mawasiliano yenye namba) 3300 na 6789 kwa wasimamizi, kuanzia 6800 hadi 7300 au zaidi kidogo kulingana na toleo kwa diski, na 123 ya UDP kwa saa.

## Kuzima, kuwasha na kujaribu

21. Umeme ukikatika usiku, nani atazima?

Mashine zenyewe. UPS huunganishwa na nodi moja, nayo huwapasha habari wenzake kupitia mtandao. Programu huria ya NUT hufanya hivyo kwa poti 3493. Kumbuka kwamba habari hiyo hupita kwenye swichi, kwa hiyo swichi iwe kwenye UPS na iwe ya mwisho kuzimika. Utaratibu ni huu: kwanza zizimwe mashine zinazotumia hifadhi, kisha klasta iambiwe isianze kujenga nakala upya, ambayo kwa Ceph ni `ceph osd set noout`, ndipo nodi zizimwe.

22. Umeme ukirudi, nodi zijiwashe?

Mpangilio huo uko ndani ya nodi, na wengi huiacha ijiwashe papo hapo. Kwa hali yetu sipendekezi. Umeme unaporudi mara nyingi hukatika tena ndani ya dakika chache, na nodi inayokatwa katikati ya kuamka mara tatu mfululizo ndiyo inayoharibika. Weka ucheleweshaji, au iache ibaki imezimwa na uiwashe kwa mtandao wa usimamizi baada ya UPS kuchaji.

23. Tutajuaje kwamba maandalizi yamekamilika?

Kwa kuchomoa. Kabla ya data ya kweli kuingia, simama nyuma ya kabati, chomoa waya wa njia ya kwanza wa nodi ya kwanza, tazama taa ya kifaa chake cha umeme ikigeuka rangi na nodi ikiendelea, rudisha, ngoja taa iwe kijani, nenda wa pili. Baada ya nyaya, breka nzima ya njia ya kwanza. Kisha kebo za mtandao moja moja, kisha swichi nzima. Andika kila tokeo kwenye karatasi ya swali la 4. Pima kasi kati ya kila jozi ya nodi kwa programu ya iperf3. Jozi moja ikiwa nyuma ya wenzake, anza na kebo yake.

## Hali zisizo za kawaida

24. Tuna nodi au swichi zenye plagi moja tu. Tufanyeje?

Kipo kifaa kidogo kinachopokea njia zote mbili na kuhamisha mzigo upande mmoja ukikatika. Hufaa kwa swichi, ingawa chenyewe kinakuwa mahali pa kukutania. Kwa nodi, afadhali kuzigawa: hii njia ya kwanza, ile ya pili. Lakini nodi tatu haziwezi kugawanyika sawa kwa njia mbili, na upande wenye mbili ukianguka akidi imekwenda.

25. Tunaweza kuweka nodi mbili Unguja na moja Pemba, ziwe klasta moja?

Kwa uandishi wa papo hapo, hapana. Kutoka mjini Unguja hadi Chake Chake ni zaidi ya kilomita 100, na mwanga ndani ya faiba huchukua zaidi ya milisekunde moja kwenda na kurudi kabla hujahesabu vifaa vya njiani. Kila uandishi ungesubiri safari hiyo. Mbaya zaidi, mawasiliano yakikatika Pemba haina akidi, na watumiaji wake wanasimama ilhali mashine yao ni nzima.

Kinachofaa ni klasta kamili kisiwa kimoja na nakala ya usiku kisiwa cha pili. Kwa umeme mpango huo una nguvu ya pekee, kwa kuwa tangu mwaka 2010 Pemba hupokea umeme kwa waya wake wa baharini kutoka Tanga, mbali na ule wa Fumba. Zote mbili hata hivyo zinatoka gridi ya Tanzania Bara, kwa hiyo hitilafu ya gridi nzima huzigusa pamoja, na jenereta bado zinahitajika pande zote mbili.

26. Sola inaweza kuwa njia ya pili ya umeme?

Inaweza, ikiwa ina betri na kigeuzi chake, na ikiwa kigeuzi hicho hakizimiki umeme wa shirika unapokatika. Vigeuzi vilivyofungwa kwa ajili ya kupunguza bili huzimika makusudi gridi inapopotea, kwa usalama wa mafundi walio juu ya nguzo. Muulize aliyefunga, kisha ushushe breka kuu mchana wa jua kali na uangalie seva zinafanya nini.